Maswali yenu kuhusu World Series: hela, mbuzi na mechi iliyouzwa

Tangu fainali ya besiboli ya 2025 pale Toronto meseji hazijakatika, nyingine ndefu kuliko majibu yangu, kwahiyo nimechagua chache na nimezifupisha. Na wale mnaotuma tu "huo mchezo wa wazungu" nimewaona pia, jibu lenu lipo huko chini kwenye swali la Jackie Robinson.

Mimi najua mpira wa miguu tu. Hiyo World Series ni kombe au ni ligi? (Msomaji, Morogoro)

Ni fainali kaka, ila sio fainali ya mechi moja. Besiboli ya kulipwa kule Marekani ina timu 30 zilizogawanywa ligi mbili, Ligi ya Amerika na Ligi ya Taifa, 15 huku na 15 kule. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu (hujasoma vibaya), alafu unakuja mtoano, alafu bingwa wa ligi hii anakutana na bingwa wa ligi ile mwezi wa kumi. Anayewahi kushinda mechi nne ndio bingwa, kwahiyo inaweza kuisha kwa mechi nne tu au ikafika saba. Sare hakuna, mechi ina iningi tisa yaani zamu tisa za kupiga kwa kila timu, na wakitoka sawa wanaongeza iningi mpaka mmoja aachie.

Nani aliyeianzisha? (Msomaji, Dodoma)

Hapa ndio patamu. Mtu wa kumtaja ni Barney Dreyfuss, tajiri wa timu ya Pittsburgh Pirates, lakini kwanza ujue hizi ligi mbili zilikuwa haziivi kabisa. Ligi ya Taifa ilikuwepo tangu 1876, imekaa zake inajiona baba mwenye nyumba, sasa mwaka 1901 akatokea jamaa anaitwa Ban Johnson akatangaza kwamba Ligi ya Amerika nayo ni ligi kubwa, akaanza kuwabeba wachezaji wa wenzake kwa kuwapandishia dau, na kazi ilikuwa rahisi maana wale wakongwe walikuwa wameweka kikomo cha mshahara dola 2,400 kwa mwaka. Wakaumizana mfukoni miaka miwili hadi Januari 1903 wakakaa mezani wakasaini amani.

Msimu wa 1903 ulipokaribia mwisho Pirates wanaongoza kwao, Boston wanaongoza kwao, Dreyfuss akamtafuta mwenye timu ya Boston wakakubaliana wacheze, wa kwanza kushinda mechi tano kati ya tisa. Hayakuwa makubaliano ya ligi, yalikuwa ya matajiri wawili waliopiga hesabu za viingilio, basi. Tarehe 1 Oktoba 1903 ikapigwa mechi ya kwanza Boston na wageni wakashinda 7-3. Watu walijaa mpaka wakasimama ndani ya uwanja nyuma ya kamba, na mpira ukiangukia kwenye umati mpigaji anapewa besi tatu (besi ni vituo vya kukimbilia, ukivizunguka vyote vinne unapata pointi) bila kubishana.

Pirates wakafika 3-1 wakaonekana wanamaliza. Shida yao, pitcha (mrusha mpira) mmoja bega bovu, mwingine akili zilikuwa zimevurugika akarudishwa kwao, ikabidi mzigo wote abebe Deacon Phillippe, mtu mmoja akarusha mechi tano nzima kwenye fainali moja. Akashinda tatu, mkono ukachoka. Na mashabiki wa Boston walisafiri mpaka Pittsburgh na bendi yao, wakawa wanarudia wimbo mmoja bila kupumzika, wamebadilisha maneno wanamzomea Honus Wagner, ambaye ndio alikuwa staa mkubwa wa Pirates, na kweli Wagner akapotea. Boston wakashinda nne mfululizo, jumla 5-3.

Cha kuchekesha ni kwenye malipo. Dreyfuss akachukua mgao wake yeye kama tajiri akauingiza kwenye fungu la wachezaji wake, kila mmoja akaondoka na dola 1,316, mabingwa wa Boston wao wakapata 1,182. Walioshindwa wakala hela ndefu kuliko walioshinda!

Kuna miaka haikuchezwa kabisa? (Msomaji, Nakuru)

Miwili, 1904 na 1994, na yote miwili ni mambo ya watu wazima kununiana.

1904 ilikuwa maringo. New York Giants walichukua Ligi ya Taifa, kocha John McGraw na tajiri wake John T. Brush wakagoma kucheza na bingwa wa Ligi ya Amerika eti ile ni ligi ndogo. Kilichowasumbua zaidi ni kwamba timu nyingine ya New York, hao hao ambao baadae wakawa Yankees, ilikuwa inakaribia kuchukua ubingwa upande wa pili, na Giants hawakutaka kuipa heshima ndani ya mji wao. Mashabiki wakawasema sana, mwaka uliofuata Brush huyo huyo ndiye aliyeandika kanuni za kuifanya fainali iwe ya lazima, na Giants wakaichukua 1905 kwa sababu pitcha wao Christy Mathewson alicheza mechi tatu ndani ya siku sita na hakuruhusu hata pointi moja. Yaani wangekubali tu tangu mwanzo.

1994 inaniuma mpaka leo na wala sio kwa ajili ya Wamarekani. Matajiri walitaka kuweka kikomo cha mishahara, wachezaji wakagoma tarehe 12 Agosti, na tarehe 14 Septemba fainali ikafutwa. Wakati mgomo unaanza timu yenye rekodi nzuri kuliko zote ilikuwa Montreal Expos ya Kanada, imeshinda 74 imefungwa 40, vijana wadogo mishahara midogo, mwaka wao ulikuwa ule. Ukapita. Wachezaji wazuri wakauzwa, watu wakaacha kujaza uwanja, na 2005 timu ikahamishiwa Washington ikabadilishwa jina ikawa Nationals, ambao ndio wakaja kuchukua World Series 2019, kwahiyo watu wa Montreal waliangalia kwenye tivii. Mgomo wenyewe ulivunjwa na amri ya jaji mmoja wa New York mwaka 1995, Sonia Sotomayor, ambaye leo yupo Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani.

Kuna na 1989, hiyo haikufutwa ila ilisimama. Tarehe 17 Oktoba, San Francisco na Oakland, timu mbili zilizotenganishwa na maji tu, watu wameshakaa uwanjani wanasubiri mechi ya tatu ianze, tetemeko likapiga saa kumi na moja na dakika nne jioni. Watu 63 walikufa eneo lile, barabara ya ghorofa ya Oakland ikaporomoka. Mechi ilirudi baada ya siku kumi, Oakland wakamaliza 4-0, na sidhani kuna mtu aliyekuwa na hamu ya kushangilia.

Ni kweli wachezaji waliwahi kuuza fainali? (Msomaji wa kike, Mombasa)

Kweli dada, na waliuza vibaya. Mwaka 1919, Chicago White Sox na Cincinnati Reds. White Sox ndio walikuwa wanapewa nafasi kubwa, ghafla kabla ya mechi ya kwanza hela za kubeti zikaanza kumiminika upande wa Cincinnati, wajanja wa mjini wakaanza kunong'ona. Pitcha Eddie Cicotte, mmoja wa mapitcha bora wa wakati ule, alikuwa ameshakuta dola 10,000 chini ya mto chumbani kwake hotelini. Ishara waliyopanga ni kwamba ampige na mpira mpigaji wa kwanza wa Reds, na ndivyo alivyofanya, ukampata mgongoni, wanaosubiri habari wakajua mzigo umekubali. Nyuma ya mpango anatajwa tajiri wa kamari wa New York, Arnold Rothstein, ambaye hakuwahi kushtakiwa kwa hilo.

Ila kuuza mechi nane ni kazi kuliko unavyodhani. Hela ziliahidiwa zikachelewa, waliouza wakaanza kuona wanaibiwa na wao, na pitcha mdogo Dickie Kerr ambaye hakuwemo kwenye dili akashinda mechi zake zote mbili kama vile haelewi kinachoendelea. Reds wakashinda 5-3.

Ikalipuka 1920. Cicotte na mchezaji mwenzake Joe Jackson wakakiri mbele ya baraza la mashtaka, alafu karatasi za maungamo zikapotea (hii nchi zote zinafanana), Agosti 1921 mahakama ikawaachia huru, wakatoka wanashangilia. Kesho yake tu Kenesaw Mountain Landis, jaji aliyepewa ukamishna wa besiboli yote ili asafishe, akawafungia wachezaji wote wanane wa White Sox waliohusishwa, maisha. Hakusubiri rufaa ya mtu.

Watu wanabishana mpaka leo juu ya wawili. Joe Jackson alipokea dola 5,000, hiyo haina ubishi, lakini kwenye fainali ile alipiga kwa wastani wa .375 (karibu mara nne kati ya kumi), mipira 12 safi, sasa unajiuliza alikuwa anauza nini. Mwingine Buck Weaver, huyu hakupokea hata senti, kosa lake alikaa kwenye kikao akasikia mpango akanyamaza, akaomba msamaha miaka na miaka hakupewa. Mimi Jackson namwona ana kesi ya kujibu, Weaver adhabu ilizidi. Mei 2025 ligi ilitoa uamuzi kwamba kifungo kinaisha mtu akifa, kwahiyo majina yao yametoka kwenye orodha, zaidi ya miaka mia baadae, wenyewe wapo makaburini zamani.

Na ile hadithi kwamba waliuza kwa sababu tajiri wao Charles Comiskey alikuwa mchoyo, punguzeni kidogo. Waliofukua karatasi za mishahara wamekuta White Sox ilikuwa kati ya timu zilizolipa vizuri kwenye ligi. Hela ya haraka iliwekwa mezani, wakaitaka.

Timu gani imechukua mara nyingi? (Msomaji, Arusha)

New York Yankees, 27. Ya kwanza 1923, ya mwisho 2009. Wanaofuata St. Louis Cardinals wana 11 tu. Kuna timu tano hazijawahi kuchukua hata moja, na Seattle Mariners wao hata kufika fainali hawajawahi, tangu 1977.

Nasikia timu ililaaniwa kwa ajili ya mbuzi. Wazungu nao wana mambo hayo? (Mzee wa Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Wanayo, na wangeijua kamati ya ufundi wangeajiri mapema.

Mbuzi ni wa Chicago Cubs. Mwaka 1945 fainali na Detroit, mwenye baa mmoja anaitwa Billy Sianis akaja uwanjani na mbuzi wake, wa mbuzi tiketi anayo kabisa, wakamtoa, inasemekana kwa sababu ya harufu. Akaondoka amekasirika akasema hawa hawashindi tena. Cubs wakapoteza ile fainali na hawakurudi World Series mpaka 2016, na kwa kuwa ubingwa wao wa mwisho ulikuwa 1908, hesabu inakuja miaka 108. Watu walizaliwa wakazeeka wakafa ni mashabiki wa Cubs na hawajaona kitu.

Hiyo 2016 kama hujawahi kuangalia itafute. Wako nyuma 3-1 dhidi ya Cleveland, wakasawazisha 3-3, mechi ya saba wanaongoza 6-3 iningi ya nane, Rajai Davis wa Cleveland akagonga homrani, mpira nje kabisa, 6-6. Iningi tisa zikaisha hakuna mbabe, mvua ikashuka, mechi ikasimama dakika 17, wachezaji wa Cubs wakajifungia kwenye chumba cha vyuma Jason Heyward akawapa maneno, wakatoka wakapiga mbili, mwisho 8-7. Na Cleveland ndio kabisa, wao hawajachukua tangu 1948, na hawana hata mbuzi wa kumsingizia.

Laana ya pili ni ya Boston Red Sox, na hiyo mimi naiita biashara mbaya. Walikuwa na Babe Ruth, pitcha hatari na mpigaji hatari, mwisho wa 1919 tajiri wao Harry Frazee akamuuza kwa watani wao wa jadi Yankees, dola 100,000. Yankees walikuwa hawajawahi kuchukua hata moja, mengine mnayajua. Red Sox wakakaa tangu 1918 mpaka 2004, miaka 86, na katikati hapo kuna 1986 walipobakiza mpira mmoja tu wawe mabingwa, mambo yakaharibika, mwishowe mpira mwepesi ukapita katikati ya miguu ya Bill Buckner, maskini akalaumiwa yeye peke yake wakati mechi ilishaharibiwa na mapitcha kabla mpira haujamfikia. Na 2004 wenyewe walikuwa nyuma 3-0 kwa Yankees nusu fainali, hakuna timu ya besiboli iliyowahi kutoka hapo, usiku wa mechi ya nne kijana wa akiba Dave Roberts akaingizwa akaiba besi, yaani akakimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, wakasawazisha, wakashinda nne mfululizo, World Series wakaipitia bila kufungwa. Huyo Roberts ndiye kocha wa Dodgers wa leo.

Sisi weusi tuliingia lini? Naishi Ohio na wanangu wanacheza shuleni. (Msomaji wa Bukavu)

Karibu sana ndugu, na kwa kuwa upo Ohio jibu lako lina mtu wa hapo hapo. Watu weusi walikuwa wanacheza besiboli tangu zamani, walizuiwa kuingia ligi kubwa, wakaunda ligi zao na wakawa na World Series yao tangu 1924, Kansas City Monarchs wakaichukua ile ya kwanza. Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson akaingia Brooklyn Dodgers (hao hao ambao leo wapo Los Angeles), mwaka huo huo akacheza World Series, mtu mweusi wa kwanza, wakafungwa na Yankees. Wakafungwa tena 1949, 1952, 1953, Yankees hao hao, mpaka 1955 ndio wakawapata.

Lakini wa kwanza kubeba ubingwa walikuwa Larry Doby na Satchel Paige, na Cleveland ya hapo kwenu Ohio, 1948. Mechi ya nne Doby aligonga homrani iliyoamua mchezo, baada ya mechi akapigwa picha amekumbatiana na pitcha mzungu Steve Gromek, shavu kwa shavu, wote wanacheka, magazeti yakaitoa. Kwa Marekani ya 1948 picha ile haikuwa kitu kidogo, na Gromek alisemwa na baadhi ya watu wake kwa ajili yake. Waonyeshe watoto.

Red Sox walikuwa timu ya mwisho kabisa kuweka mchezaji mweusi, 1959. Ukiniuliza mimi laana yao ilikuwa hapo. Na takwimu za zile ligi za weusi ziliingizwa rasmi kwenye vitabu vya ligi kubwa mwaka 2024, ndio maana leo anayeongoza kwa wastani wa kupiga maishani ni Josh Gibson, ambaye hawakumruhusu kugusa mpira kwenye World Series yao.

Rafiki yangu anasema Uganda ilishacheza World Series. Ni uongo? (Msomaji, Kampala)

Ana haki nusu. Ile ni Little League World Series, ya watoto wa miaka kumi na kitu, inachezwa Williamsport, Pennsylvania. Uganda walifuzu 2011, wa kwanza kutoka Afrika, wakanyimwa viza kwa ajili ya karatasi za umri. 2012 wakafuzu tena watoto wa Lugazi wakaenda, wakashinda mechi ya kirafiki 3-2 dhidi ya watoto wa Oregon, na 2015 wakawapiga Jamhuri ya Dominika 4-1, wenyewe hao wanaozalisha mastaa! Ya wakubwa bado. Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kubwa ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, 2017, na zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga akapata besi. Siku hizi Dodgers na Pirates wamesajili vijana wa Uganda kwenye timu zao za chini, tusubiri.

Kwa nini wanaita ya dunia, na inaonyeshwa saa ngapi huku? (Msomaji, Muscat)

La kwanza nalijibu kwa fainali ya 2025: timu moja Dodgers ya Los Angeles, nyingine ya Toronto, Kanada, na mchezaji bora akawa Mjapani, Yoshinobu Yamamoto. Timu za dunia hazipo, wachezaji wa dunia wapo.

La pili, mechi huanza saa mbili usiku kwa saa za New York, kwahiyo Dar na Nairobi ni saa tisa usiku, Kigali na Lubumbashi saa nane, kwako Muscat saa kumi alfajiri. Ujiandae kuchelewa. Mechi ya tatu ya 2025 ilikwenda iningi 18, Freddie Freeman alipogonga ya kumaliza huku Dar watu walikuwa wanaelekea chai ya saa nne. Ya saba nayo iningi 11, Dodgers wako nyuma wamebakiza wapigaji wawili tu kutolewa mechi iishe, Miguel Rojas ambaye hakuna aliyemtegemea akasawazisha kwa homrani, alafu Will Smith akamaliza, 5-4, kumeshakucha kabisa. Na fainali ikivuka Jumapili ya kwanza ya Novemba wenzetu wanarudisha saa nyuma, hapo ongeza saa moja, kwako inakuwa kumi na moja.